Mtungi Niliouonjea Jikoni

Nyinyi wasichana mliofungua buveti zenu, vibaa vya chupa, pale barabarani Minago, kila mnapopita kunisalimia mnaniuliza swali moja tu: Bibi Speransia, wewe uliwashikaje wateja miaka yote ile bila friji wala muziki? Mnauliza kwa heshima, halafu macho yenu yanakimbilia simu. Basi leo nimeamua kuwaandikia. Karatasi haina haraka, na magoti yangu pia hayana haraka siku hizi.

Mimi sikuuza chupa. Nilipika impeke, pombe ya mtama, nikaiuza kwenye kabare yangu iliyokuwa chini kule ufukweni, karibu na mahali wanapoanika ndagala, dagaa wa ziwani. Leo hamwezi kuiona. Ziwa lilipopanda lilianza kuchukua ua, kisha jiko, kisha nyumba yenyewe, na sasa mitumbwi inafungwa pale nilipokuwa nikiweka mafiga. Nikienda kutazama naona maji tu, na harufu ya pombe inanijia kama vile jiko bado lipo.

Kazi yenyewe nilifundishwa na mama mkwe wangu, Mama Adela, mwanamke mfupi aliyekuwa na mkono mzito. Mtama unalowekwa, unafunikwa majani ya migomba hadi uote, unaanikwa, unasagwa. Hicho ndicho kimea. Halafu kuna uji, kuna kuchanganya, kuna kungoja. Mtu akikuambia amepika impeke kwa siku mbili, msalimie vizuri na usinywe. Mara ya kwanza aliponiachia mtungi peke yangu, nilimimina maji yanayochemka juu ya kimea kwa sababu nilitaka kumaliza mapema. Kimea kikafa. Nilichowapa wateja Jumapili ile kilikuwa uji wenye mapovu. Walikunywa tangu baada ya misa hadi ng'ombe wanarudi, kisha wakainuka wamenyooka kama watu wanaotoka kuungama. Mama Adela aliniita jikoni, akaniambia niweke kidole kwenye maji. "Kama kidole yako inaweza kuhesabu mpaka tano, maji iko muzuri. Kama haiwezi, wewe unapika supu." Tangu siku hiyo sikuua kimea tena. Machicha nilikosea pia: niliwamwagia kuku, na jogoo wetu akaanza kuwika saa nane mchana, akaangukia kwenye majivu, akalala humo hadi kesho yake. Mume wangu Ladislasi alilisimulia hilo kwenye kila harusi.

Lakini jambo ambalo Mama Adela alilisema mara nyingi kuliko maji na kimea lilikuwa hili: anayetoa pombe ndiye anayeanza kunywa. Unauleta mtungi mbele ya watu, unachomeka mrija wako, unavuta funda moja, unameza, halafu unasema neno lolote. Neno ni la lazima. "Mutu mwenye kinywa imejaa hawezi kusema," aliniambia. "Ukisema, wanajua umemeza." Hapo ndipo unagawa mirija kwa wengine. Nilifanya hivyo siku zote, bila kufikiri, jinsi mtu anavyofuta miguu kabla ya kuingia ndani.

Kabare haikuwa mahali pa kulewa tu. Msione aibu mkisikia watu wanasema wazee wenu walimalizia maisha kwenye mitungi. Mahari ilipangwa pale. Mkuu wa mtaa alipokuwa na tangazo, alianza kulisema kwangu kabla ya kulibandika kwenye ukuta wa ofisi, kwa sababu alijua nani anasoma kuta na nani anakunywa. Waislamu kutoka Rumonge mjini waliokuja kununua mawese walikaa kwenye benchi la nje na chai yangu ya tangawizi, nao wakiulizwa shauri walilitoa, na lilisikilizwa. Na wakati wa uchaguzi walikuja mabwana wenye viatu vipya kunywesha watu. Hapo nilijifunza kusoma mtungi. Watu wakiwa na amani, pombe inashuka, unaongeza maji moto, inashuka tena. Watu wakiwa na hofu, unaona mirija kumi kwenye midomo kumi, kila mtu anatikisa kichwa kukubali, na pombe haishuki hata kidole kimoja. Walikuwa wanashika mirija kwa meno ili wasiulizwe. Katika miaka mibaya nilimwaga pombe nyingi ambayo watu walikuwa "wameinywa" mchana kutwa. Nilijua nchi iko vipi kabla redio haijasema.

Sasa nifike kwa Zakaria, maana nimezunguka vya kutosha na nyinyi mnajua nazunguka.

Alikuja siku moja mchana, mwanamume mwembamba, ameshika mkono wa mtoto wa kike, na mke wake nyuma yake amebeba mkeka. Aliinamisha kichwa akaniambia, "Shikamoo, mama." Kabare nzima ilicheka. Huku kwetu tunasema amahoro, na shikamoo tunaisikia kwenye redio ya Kigoma tu. Mimi nilicheka kuliko wote. Nikamwambia, "Karibu, Mutanzania, maji ya kunywa iko kwenye mutungi ule." Akacheka naye, akanywa maji, akampa mtoto, akampa mke. Kisha akauliza kama kuna mtu anajua shamba la michikichi la marehemu baba yake, akataja jina la baba, akalitaja na la babu. Kicheko kilikatika. Shamba alilolitaja lilikuwa shamba letu.

Nisimame hapa niseme ukweli wote, kwa sababu ninyi mmezaliwa baadaye na mnapenda kujua nani mwizi. Hakukuwa na mwizi. Baba yake Zakaria alikimbilia Tanzania, yeye Zakaria akiwa bado mgongoni. Baba yake Ladislasi alipewa shamba na wakubwa wa wakati ule, akaambiwa halina mwenyewe. Alilipalilia, akazika watoto wawili pembeni mwake. Ladislasi amelilima tangu akiwa kijana. Mawese yake ndiyo yaliyojenga paa letu. Na Zakaria naye alikulia kwenye kambi ya wakimbizi akiambiwa kila jioni na mama yake: mti ulioinama, kijito, jiwe jeupe. Alivitaja vyote bila kukosea, na alikuwa hajawahi kuviona.

Kesi ilipelekwa kwa bashingantahe, wazee wetu wa kupatanisha. Kiongozi wao alikuwa Mzee Bonifasi, mtu wa maneno machache. Walitembea shambani siku tatu. Mwisho wakakata hivi: shamba ligawanywe katikati, mpaka upite kwenye mchikichi ulioinama, upande wa kijito uwe wa Zakaria, upande wa makaburi ya watoto ubaki wetu. Ladislasi hakulala siku mbili, lakini alikubali. Zakaria alikubali palepale. Kilichobaki ni kunywa. Kwetu shauri halijaisha mpaka waliogombana wainamie mtungi mmoja mbele ya watu. Wakishakunywa, hata mtoto wa mtoto harudishi kesi ile.

Ladislasi akasema, "Tukunywe hapa kwetu. Muke wangu anapika, tutatafuta pombe wapi tena?"

Mzee Bonifasi alikuna kidevu. "Pombe ya kupatanisha haipikwi na nyumba iko kwenye kesi."

Angekuwa amesema hivyo kwa mtu mwingine, ningemuunga mkono. Lakini nilisikia kama ameitukana pombe yangu. Nilimjibu kwamba kutoka Minago hadi Rumonge hakuna impeke inayofikia hata kidole cha yangu, na kama anaijua aniletee. Watu walicheka, mzee akakubali. Ndivyo nilivyoshinda. Nimekuwa na kiburi tangu utotoni, na kwenye biashara kilinisaidia, kwa hiyo sikukiona kama ugonjwa.

Nilipika pombe ile kama ambavyo sikuwahi kupika nyingine. Nilichagua mtama punje kwa punje. Jumapili baada ya misa watu walijaa uani. Mimi nilikuwa jikoni nikiongeza maji moto na kuonja, nikiongeza na kuonja, kwa sababu nilitaka iwe kamili. Nilionja mara sita au saba. Kisha nikaubeba mtungi na jirani yangu, tukauweka katikati, Mzee Bonifasi akasema maneno yake, nami nikagawa mirija miwili: mmoja kwa mume wangu, mmoja kwa Zakaria. Nikarudi nyuma hatua mbili nikijifuta mikono.

Hamjaona nilichosahau? Mimi pia sikukiona.

Ladislasi aliinama. Zakaria hakuinama. Alishika mrija wake kwa mikono miwili, akanitazama mimi. Nilidhani anangoja kuambiwa. "Kunywa, baba, itapoa," nikasema.

"Samahani, mama," akasema polepole, kwa kile Kiswahili chake cha Kigoma. "Sijaona mtu ameonja."

Damu ilinipanda masikioni. "Nimeonja jikoni," nikamwambia. "Mara saba."

"Nakuamini, mama. Lakini mimi jikoni sikuwepo."

Hakusema kwa ukali. Ningependa kuwaambia alisema kwa ukali. Mke wake, aliyekaa kwenye mkeka na mtoto, aliinamisha macho. Baadaye nilikuja kujua kwamba kule kambini mama yake alimlea kwa neno moja: ukirudi nyumbani usinywe cha mtu kabla mwenyewe hajanywa. Sisi tuliobaki tulikuwa tumeanza kuifanya desturi ile kwa mazoea, tukiisahau tukiwa na shughuli. Wao walioondoka waliibeba nzima, kwa sababu hawakuwa na kingine cha kubeba.

Lakini siku ile sikufikiri hayo. Nilisikia kitu kimoja tu: mtu huyu ananiita mchawi wa sumu, nyumbani kwangu, mbele ya wateja wangu.

"Mimi napikia watu hapa tangu wewe uko mugongoni," nikasema. "Nani amekufa? Sema jina yake."

"Muke wangu," Ladislasi akanong'ona, "onja tu."

Mzee Bonifasi aliokota mrija wa tatu, akaninyooshea. Hakuweza kuonja yeye, maana mgeni haonjei nyumba ya mtu. Ilinipasa mimi. Ulikuwa karibu hivi, ncha yake iligusa kidole changu. Kuinama mara moja, funda moja, neno moja. Mama Adela, Mungu amrehemu, angenivuta sikio hadi kwenye mtungi.

Nilikunja mikono kifuani.

Zakaria alingoja. Kisha akauweka mrija wake juu ya mdomo wa mtungi, taratibu, hakuutupa. Akashukuru kwa lugha yetu, "Murakoze," akamshika mtoto mkono, wakaondoka. Walipofika kwenye ua wa matete alisimama, akainama, akaanza kuhangaika na ndala yake ya kulia kama mtu anayetoa kijiwe. Alikaa pale ameinama muda mrefu. Tulimwona sote. Mimi niliutazama mgongo wake nikasema moyoni, nenda basi. Akainuka, akaenda.

Pombe ile haikunywewa na mtu. Niliimwaga mwenyewe, nikilia kwa hasira, nikisema ninalilia mtama wangu.

Shauri likavunjika. Kesi ikapanda ofisini, ikatoka ofisi moja ikaingia nyingine, na wakati inazunguka ikaamriwa mtu yeyote asivune. Mmewahi kuona michikichi isiyovunwa? Ngazi, yaani matunda yake, zinaiva, zinaanguka, ardhi inakuwa nyekundu, panya wananenepa. Miaka sita. Sisi tulikuwa na kabare, tulijikongoja. Zakaria alikuwa na mikono yake tu. Alivuta nyavu za watu, alibeba mihogo kwa baiskeli ya kuazima hadi soko la Rumonge, akapandisha kilima na mzigo huku anakohoa. Tulikutana njiani mara nyingi. Aliniambia shikamoo kila mara. Mimi niliitikia kwa kidevu.

Na kabare yangu? Nilitaka kulinda jina lake, sivyo? Basi sikilizeni. Wale waliorudi kutoka Tanzania waliacha kuja. Kisha jamaa zao. Kisha hata wateja wa zamani walikaa, wakashika mirija, na pombe haikushuka. Nilijua kusoma mtungi, nikausoma. Walikuwa wananiogopa mimi. Nilianza kuonja mbele yao, nikimeza kwa sauti, nikisema maneno kumi badala ya moja, nao wakatikisa vichwa na kung'ata mirija. Nilimchukia Zakaria kwa hilo. Nilisema amenifungia mlango. Ziwa lilipokuja kuchukua nyumba, lilikuta mabenchi yamekaa miezi bila mtu.

Uamuzi wa mwisho ulitoka mwaka huohuo. Tulikwenda kusikiliza, Ladislasi na fimbo yake, Zakaria ameshikwa na mke wake kwa sababu kifua kilikuwa kimeisha. Mtu wa ofisi alisoma: shamba ligawanywe katikati, mpaka upite kwenye mchikichi ulioinama, upande wa kijito kwa Zakaria, upande wa makaburi kwetu. Nilingoja aendelee. Alikunja karatasi. Ladislasi alinitazama, na katika miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kunitazama hivyo kabla wala baada. Hakunikaripia. Angenikaripia ningepona.

Zakaria hakuvuna hata shada moja. Alikufa kabla mvua hazijaanza. Ladislasi alikuwa mmoja wa walioshika jeneza, na mimi nilisimama nyuma kabisa, nimejifunika khanga hadi puani.

Miezi ilipita, ikafika siku ya kuganduka, yaani kumaliza matanga, ambapo watu wanakunywa pamoja ili wafiwa waweze kurudi kwenye kazi na kucheka tena. Mjane wake, Mama Neema, alikuja kwangu yeye mwenyewe. Nilikuwa nimeshaacha kupika. Alikaa kwenye kizingiti akasema, "Nataka unipikie pombe ya Zakaria."

"Kwa nini mimi?" nikamwuliza. "Hakuna mutu atakunywa."

"Pika tu, mama."

Nikapika. Kwa mafiga ya kuazima, kwa macho haya yaliyoharibiwa na moshi, kidole ndani ya maji, moja, mbili, tatu, nne, tano. Jikoni sikuonja hata tone. Siku ilipofika tuliubeba mtungi hadi uani kwake, watu wengi wamekaa, wa upande wake na wa upande wetu, na kiti cha Mzee Bonifasi kitupu kwa sababu naye alikuwa ametangulia. Nilichukua mrija. Nilipiga magoti, ingawa haitakiwi kupiga magoti, nikauchomeka, nikavuta funda. Nikameza. Neno halikutoka. Nilifungua mdomo na watu wakaona kuwa hakuna kitu ndani, lakini neno halikutoka.

Mama Neema akapiga magoti upande wa pili. Akachukua mrija wake, akanywa kwa kiu, pombe ikashuka nikiiona kwa macho yangu. Alipoinua kichwa aliniambia kwa sauti ya chini, hakutaka wengine wasikie.

"Siku ile kwenye matete. Ulimwona?"

"Nilimwona. Alikuwa anatoa kijiwe."

"Hakukuwa na kijiwe, mama. Nilikuwa nimesimama naye. Alisema, tungoje kidogo, yule mama ataonja sasa hivi, atatuita. Akaniambia niangalie nimwambie ukiinama."

Hiyo ndiyo siri yangu ya biashara, wanangu. Chupa zenu mzifungue mbele ya mteja, kwenye meza yake, si kwenye kaunta, na kama amegeuka mngoje ageuke tena. Wengine watawaambia ni ushamba. Mimi nilibaki nimepiga magoti pale, nikanywa tena, na tena, kwa mrija uleule, hadi Mama Neema aliponishika mkono na kuniambia inatosha, watu wote wameona.